Sala ya Kutubu na Udhaifu wa Kumbukumbu



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika ya Thelathini ya Mwaka C yatuonyesha watu wawili waliopanda kwenda hekaluni kusali. Farisayo alikuwa na maneno mengi, tena yamepangwa vizuri. Mtoza ushuru alikuwa na maneno machache, ambayo hata mtoto mdogo angeyashika kwa kuyasikia mara moja. Twajua ni yupi aliyerudi nyumbani kwake akiwa amehesabiwa haki. Leo sitasema juu ya majivuno ya Farisayo, kwa maana juu ya hayo mmekwisha kusikia mengi. Nataka tutazame jambo linaloonekana dogo, ambalo hata hivyo limewaweka watu mbali na kiti cha kitubio kuliko tunavyodhani, nalo ni hofu ya mtu asiyeijua Sala ya Kutubu kwa moyo.

Namfikiria mzee aliyebatizwa akiwa na miaka sitini, ambaye maneno mapya hayakai tena kichwani mwake. Namfikiria bibi aliyefundishwa sala zote kwa Kihaya au kwa Kisukuma, na sasa anakaa Dar es Salaam kwa mwanawe, kwenye parokia ambayo kila kitu husaliwa kwa Kiswahili. Namfikiria fundi aliyekaa miaka ishirini bila kuungama na sasa angependa kurudi. Watu hao hawaogopi kutaja dhambi zao. Wanachoogopa ni dakika ile padre anapowaambia wafanye sala ya kutubu, nao wakaanza vizuri, wakafika katikati, kisha njia ikapotea. Kwa sababu ya aibu hiyo wapo wanaoacha kabisa kuja. Na wapo makatekista, wenye nia njema bila shaka, ambao humtoa mtu katika mstari wa kuungama kwa sababu ameruka maneno mawili.

Je, Kanisa lenyewe lilitaka hivyo? Tuifuate historia.

Sala ya Kutubu, jinsi tunavyoijua, si ya kale kama Baba Yetu. Katika karne za mwanzo, mwenye dhambi nzito alifanya kitubio mbele ya jumuiya nzima, kwa muda mrefu, na majuto yake yalionekana katika kufunga, katika mavazi duni na katika machozi. Baadaye, kuanzia karne ya 6, wamonaki wa Ireland walieneza desturi ya kuungama kwa faragha na kurudia kila inapohitajika. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ukaamuru kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua mema na mabaya aungame dhambi zake walau mara moja kwa mwaka. Mtaguso wa Trento nao, katika kikao chake cha 14, tarehe 25 Novemba 1551, ulieleza majuto ni nini: ni uchungu wa roho na kuichukia dhambi iliyotendwa, pamoja na kusudi la kutoitenda tena. Ulifundisha pia kwamba majuto yanayotoka katika kumpenda Mungu, yaani majuto kamili, humpatanisha mtu na Mungu hata kabla hajapokea sakramenti, iwapo anayo nia ya kuipokea. Fundisho hilo tulishike, kwa maana tutalihitaji baadaye.

Katika maelezo hayo ya Trento hamna neno lolote juu ya kukariri. Kinachodaiwa ni uchungu, chuki kwa dhambi na kusudi. Lakini mambo ya rohoni yahitaji mdomo, na watu wengi hawajui waanzie wapi. Kwa hiyo katekisimu zilizoenea baada ya Mtaguso ziliwapa waamini maneno tayari, ambamo mambo hayo matatu yamewekwa kwa mpangilio. Ukiichunguza Sala ya Kutubu ya lugha yoyote utayakuta yote matatu, ingawa maneno hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Hakuna tafsiri iliyo peke yake sahihi hata nyingine zote ziwe makosa.

Sasa twende mbali kidogo, mpaka Mexico na Peru, kwa sababu huko katika karne ya 16 shida hii ya kukariri ilipata kutokea kwa ukubwa ambao haujawahi kuonekana. Wafransisko kumi na wawili walifika Mexico mwaka 1524, nyuma ya majeshi ya Hispania. Sitaficha kwamba upanga ulitangulia msalaba huko, na wenyeji waliteswa sana. Lakini wamo katika mapadre wale waliowapenda watu kweli, na matatizo yao ya kufundisha waliyaandika kwa uaminifu. Waliwakuta watu wazima, maelfu kwa maelfu, wanaotakiwa kushika sala kwa maneno ambayo masikio yao hayajapata kuyasikia.

Watu hao hawakukaa wakilia. Padre Jerónimo de Mendieta, aliyeandika habari za Kanisa la Mexico mwishoni mwa karne hiyo, asimulia kwamba baadhi yao walichukua vijiwe au punje za mahindi, wakaweka kimoja kwa kila neno au fungu la maneno, kisha wakawa wanapitisha kidole toka jiwe hadi jiwe wakisali mpaka sala ikae. Wengine walichora. Katika lugha yao bendera iliitwa pantli, na neno hilo lakaribiana kidogo na mwanzo wa Baba Yetu ya Kilatini, Pater. Basi wakachora bendera. Neno la pili, noster, liliwakumbusha nochtli, yaani tunda la mpungate, nao wakalichora tunda. Twaweza kucheka tukisikia kwamba Baba Yetu ilianza na bendera na tunda la mpungate, ila mimi naona hapo watu wenye juhudi kubwa mno.

Padre José de Acosta, Mjesuiti aliyekaa Peru na kupita Mexico, alichapisha kitabu chake mwaka 1590, na humo atuletea jambo linalogusa kabisa mada yetu. Aeleza jinsi wenyeji wa Mexico walivyoiandika kwa picha ile sala ya kuungama kwa Mungu Mwenyezi, ambayo sisi tunaisali mwanzoni mwa Misa. Pale msalaji anaposema kwamba anaungama, walichora mtu amepiga magoti miguuni pa padre. Kwa Mungu Mwenyezi walichora nyuso tatu zenye mataji. Kwa Bikira Maria, uso wa mwanamke na mtoto. Kwa Mitume Petro na Paulo, vichwa viwili, pamoja na funguo na upanga. Acosta aongeza kwamba namna hiyo ya kuandika hawakufundishwa na Wahispania, na kwamba wasingeweza kuibuni kama wasingalikuwa wameyaelewa kwa undani yale waliyofundishwa. Makatekista, hapo naomba mtue kidogo. Mtu anayeshindwa kukariri neno kwa neno aweza kuwa ameielewa sala kuliko yule anayeitiririsha kama maji ya mfereji.

Huko Peru Acosta aliwaona wazee waliokwisha kuchakaa kwa umri wakijifunza sala kwa duara la vijiwe: duara moja la Baba Yetu, lingine la Salamu Maria, lingine la Nasadiki. Walijua ni jiwe gani lenye kutaja kwamba Bwana alichukuliwa mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, na ni lipi lenye kumtaja Ponsio Pilato. Wakikosea, hawakumwuliza mtu. Waliyatazama mawe yao, wakajisahihisha. Aliona pia mama mmoja aliyekuja kuungama akiwa na kishada cha nyuzi zenye mafundo, ambazo kwao huitwa kipu na ndizo walizotumia kuwekea hesabu na kumbukumbu. Katika nyuzi hizo alikuwa ameweka maungamo ya maisha yake yote, naye aliungama akizifuata kama mwingine angefuata karatasi iliyoandikwa. Kwetu pia kamba ya mafundo ya kuhesabia siku si kitu kigeni kwa wazee.

Na viongozi wa Kanisa walisema nini? Mtakatifu Toribio de Mogrovejo, Askofu Mkuu wa Lima, aliitisha mtaguso katika mji huo kwa miaka 1582 na 1583. Mtaguso huo uliamua kwamba wenyeji wasilazimishwe kujifunza sala kwa Kilatini. Yatosha, tena ni afadhali, wazijue kwa lugha yao. Mwaka 1584 ikachapwa katekisimu kwa Kihispania, Kikechua na Kiaymara, na ndani yake mlikuwamo katekisimu fupi iliyotengwa waziwazi kwa ajili ya watu wagumu wa kuelewa na watu wenye shughuli nyingi. Maaskofu walijua kwamba mkulima na mchungaji hawana nafasi ya mseminari. Ni kweli kwamba mtaguso uleule uliagiza nyuzi za mafundo zilizotumika katika ibada za zamani ziondolewe. Lakini mahubiri yaliyochapwa mwaka 1585 kwa mamlaka yake yaliwahimiza waamini wafunge mafundo ya dhambi zao kabla ya kuja kuungama, kama walivyofunga mafundo kwa hesabu za mali. Naye Padre Motolinía, mmoja wa wale Wafransisko kumi na wawili, alizidiwa na waungamaji wakati wa Kwaresima kule Cholula, akawaambia atawapokea wale watakaoleta dhambi zao zimechorwa. Wakaja na michoro yao, wakionyesha kwa kijiti, naye akiuliza kwa kijiti chake. Hakuna aliyeambiwa kwamba kuungama kwa picha si kuungama.

Tukirudi kwetu, twaikuta hali inayofanana. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863 na kuanzisha misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Wamisionari wa Afrika walipita Bagamoyo mwaka 1878 wakielekea Tabora na Ziwa Viktoria. Mwanzilishi wao, Lavigerie, alitaka mafundisho ya kabla ya ubatizo yachukue miaka minne. Katika miaka hiyo minne kazi kubwa ilikuwa kukariri: katekista aliuliza, kundi likajibu kwa sauti moja, siku baada ya siku, mpaka jibu likawa kama wimbo. Wale wazee wetu hawakuwa na vitabu, lakini walikuwa na masikio. Siwadharau hata kidogo. Imani ya mababu zetu ilisafiri juu ya sauti hizo, na yeyote anayesema kwamba kukariri ni kazi ya kasuku na ajiulize kwa nini majirani zetu Waislamu wa pwani wanawaheshimu sana waliohifadhi.

Lakini kwa watu wa bara Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya pili, na Kiswahili cha Sala ya Kutubu ni cha zamani, chenye maneno na viambishi ambavyo hatuvitumii sokoni wala shambani. Mtu anaposhindwa kutamka neno ambalo hajapata kulisema mahali pengine popote, kosa si la moyo wake. Afadhali katekista atumie nusu saa kueleza neno hilo lina maana gani kuliko kumrudisha mtu nyumbani mara tatu. Na mtoto akielewa kwamba sala ile yamwambia Mungu mambo matatu, kwamba nasikitika, kwamba nachukia nilichofanya, na kwamba sitaki kukirudia, basi hata akipotea katikati ataijua njia ya kutokea.

Kanisa limesema wazi katika jambo hili. Ibada mpya ya Kitubio, iliyotolewa mwezi Desemba 1973 baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, haimfungi mwungamaji kwa maneno ya aina moja. Imeweka sala kadhaa za kuchagua, nyingine fupi sana. Mojawapo yamwomba Bwana Yesu, Mwana wa Mungu, amhurumie mkosefu, na hiyo ndiyo yote. Nyingine zimechotwa katika Zaburi, katika maneno ya mwana mpotevu, na katika maneno ya yule mtoza ushuru tuliyeanza naye. Mwungamaji aruhusiwa pia kutumia maneno mengine yanayofanana na hayo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 990, zaruhusu hata kuungama kwa njia ya mkalimani, ambaye naye hufungwa na siri. Ikiwa mtu aweza kuungama kwa kinywa cha mwingine, je, bibi yetu atakatazwaje kuisali sala yake kwa Kihaya, au kumfuata padre neno kwa neno, au kuisoma katika kikaratasi alichoandikiwa na mjukuu wake? Basi aje. Na padre aliyeketi kitini asihesabu maneno.

Hapo najua kuna atakayeuliza: kama ni hivyo, kwa nini tuwasumbue watoto wetu kukariri? Si wangesema tu chochote kinachowajia?

Swali hilo linastahili jibu, na jibu nalipata Japani.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima tarehe 15 Agosti 1549, na katika muda wa miaka hamsini Kanisa la Japani lilikuwa na waamini wengi sana. Kisha yakaja madhulumu. Watu ishirini na sita walisulubiwa Nagasaki tarehe 5 Februari 1597. Mwaka 1614 serikali ikaipiga marufuku dini ya Kikristo katika nchi nzima na kuwafukuza mapadre. Padre wa mwisho aliyesalia, Mjapani aitwaye Mancio Konishi, aliuawa mwaka 1644. Tangu hapo hapakuwa na Misa, hapakuwa na maungamo, hapakuwa na mpako wa wagonjwa. Ubatizo peke yake ulibaki, maana huo hata mlei aweza kuutoa kwa dharura, na katika kila kijiji alikuwako aliyekabidhiwa kazi hiyo.

Kabla ya giza hilo kuingia, Askofu Luís Cerqueira wa Japani alikuwa ameona mbali. Mwaka 1603 kilitolewa kitabu kidogo kwa Kijapani, Konchirisan no ryaku, yaani muhtasari juu ya majuto. Neno konchirisan ni lile la Kireno lenye maana ya majuto, limevaa matamshi ya Kijapani. Kitabu kilifundisha lile fundisho la Trento tulilotaja: mtu asiye na padre, akijuta kwa sababu ya kumpenda Mungu aliyemkosea, na akiwa na nia ya kuungama siku atakapompata padre, Mungu humsamehe. Mwishoni ilikuwamo sala ya majuto yenyewe.

Vitabu vilitafutwa na kuchomwa, lakini sala ilikuwa imekwisha kuingia vichwani. Wakristo wale wa siri, katika vijiji vya Nagasaki na visiwa vya karibu, waliinakili kwa mkono walipoweza, na waliposhindwa waliifundishana kwa mdomo, mzazi kwa mtoto. Huko Nagasaki maofisa walikuwa wakiwalazimisha watu, mwaka hadi mwaka, kukanyaga sanamu ya Kristo au ya Mama yake ili wathibitishe kwamba si Wakristo. Wako waliokataa wakafa. Wako walioogopa wakakanyaga. Hao wa pili walirudi nyumbani, wakafunga milango, wakaisali sala ya majuto. Wangeisoma wapi? Nani angewatungia maneno mapya usiku ule, huku mioyo yao imevunjika na mtu wa serikali akiwa jirani? Maneno yalikuwa yamewekwa ndani yao tangu utotoni, nao wakayakuta.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia hapo. Sala nyingine walizozishika zilikuwa na maneno ya Kilatini na Kireno, na baada ya vizazi kadhaa maana ya baadhi ya maneno hayo ilipotea, yakabaki sauti tu. Lakini kitabu cha majuto kilikuwa kimeandikwa kwa Kijapani, ukiacha maneno machache ya kigeni, nao waliendelea kuelewa wanachokisema. Walikuwa wamekariri na kuelewa pamoja.

Tarehe 17 Machi 1865, miaka 221 baada ya kifo cha padre yule wa mwisho, kundi la watu kutoka Urakami lilifika kwenye kanisa jipya la Oura, lililojengwa Nagasaki kwa ajili ya wageni kutoka Ulaya. Padre Bernard Petitjean alikuwa akisali. Mama mmoja akamsogelea, akamnong'oneza kwamba mioyo yao na wake ni mmoja, kisha akauliza iko wapi sanamu ya Maria Mtakatifu. Watu wakaanza kujitokeza kwa maelfu, na mateso yakarudi: zaidi ya Wakristo 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa nchini, mpaka marufuku ilipoondolewa mwaka 1873. Katikati ya dhoruba hiyo, mwaka 1869, Petitjean, ambaye wakati huo alikuwa askofu, alikichapisha upya kile kitabu cha majuto kutokana na nakala ambazo waamini walikuwa wamezihifadhi. Nao wale ambao kwa vizazi saba walikuwa wakisali wakiahidi kuungama siku padre atakapopatikana, wakaja, wakapiga magoti mbele yake, wakaungama.